Daftari la mishumaa: namna ya kutunza kumbukumbu za kila unachomimina

Kasoro ya mshumaa haijitokezi siku ulipoutengeneza. Unaumimina leo, unaganda vizuri, unaupanga kwenye rafu ukiwa unapendeza. Wiki mbili au tatu baadaye mtu anauwasha, na hapo ndipo utambi unapozama ndani ya nta, au mwali unarefuka na kutoa masizi, au harufu haisikiki kabisa. Wakati huo umeshamimina mishumaa mingine mingi, na hakuna anayekumbuka kama ile ya kwanza ilimiminwa ikiwa na nyuzijoto 58 au 68. Ukipata mshumaa mzuri ajabu, tatizo ni lile lile: utaurudiaje kama hujui ulichofanya? Kwa maoni yangu, anayetengeneza mishumaa nyumbani anahitaji daftari kabla hajafikiria kununua kalibu nyingine.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kulianzisha daftari hilo na kulitumia, kuanzia nta inapoingia ndani hadi mshumaa unapoisha kuungua.

Hatua ya 1: Andaa vipimo vyako

Kumbukumbu haiwezi kuwa sahihi kuliko mizani iliyoizaa. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja kwa ajili ya nta na, ukiweza, nyingine ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu kwa ajili ya harufu na rangi. Ongeza kipimajoto kinachoweza kuchovywa kwenye nta ya moto, rula, na saa.

Mara moja kwa mwezi vikague, kisha uandike matokeo kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari. Mizani unaikagua kwa kitu ambacho uzito wake unaujua. Kipimajoto unakichovya kwenye maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, ambayo yanapaswa kusoma sifuri, kisha kwenye maji yanayochemka. Kumbuka kwamba maji huchemka kwa nyuzijoto 100 usawa wa bahari tu. Mahali penye mwinuko, punguza nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Kama kipimajoto kinakosea kwa nyuzi tatu, si lazima ukitupe. Andika kosa lake na ulirekebishe kila unapokisoma.

Kuhusu daftari lenyewe, chagua la jalada gumu na uandike kwa penseli. Mafuta ya harufu hutawanya wino wa kalamu nyingi, na tone moja linatosha kufuta safu nzima ya tarakimu. Wapo wanaopenda kuandika moja kwa moja kwenye simu au kompyuta, lakini mikono yenye nta na skrini havipatani. Andika kwenye karatasi ukiwa jikoni, kisha jioni uhamishie kwenye jedwali la kompyuta kama unalo.

Hatua ya 2: Ipe kila malighafi alama siku inapoingia

Tenga kurasa za mwisho wa daftari kwa ajili ya manunuzi. Kila mfuko wa nta, chupa ya harufu, pakiti ya tambi na kasha la vyombo lipate alama fupi: N1, N2 kwa nta, H1, H2 kwa harufu, U1 kwa utambi, V1 kwa vyombo. Andika alama hiyo juu ya kifungashio kwa kalamu isiyofutika, kisha ndani ya daftari andika tarehe, jina kamili kama lilivyo kwenye kifungashio, namba ya toleo ya kiwandani kama ipo, uzito na bei uliyolipa.

Usifupishe jina. Ukiandika "nta ya soya" hujasema kitu, kwa sababu ipo soya ya kumimina kwenye vyombo na ipo ngumu zaidi ya kutengenezea mishumaa inayosimama yenyewe, na haziungui sawa. Utambi ndio unaohitaji uangalifu kuliko vyote: andika aina na namba yake herufi kwa herufi, maana tambi mbili zinazoonekana mapacha zinaweza kutofautiana namba moja tu, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama nta itayeyuka hadi ukingoni.

Nta ya nyuki ina mambo yake. Huyeyuka kwa nyuzijoto 62 hadi 64, lakini rangi na harufu yake hubadilika kila mavuno kutegemea maua ambayo nyuki wametembelea. Kata kipande kidogo kutoka kila mzigo, kitie kwenye mfuko wenye alama yake, ukihifadhi. Siku mishumaa ikitoka na rangi tofauti, unalinganisha vipande badala ya kubishana na kumbukumbu.

Harufu nayo huja na karatasi ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, inayoonyesha joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto. Huwa kuna pia karatasi ya viwango vya juu vya matumizi kwa mujibu wa IFRA, chombo cha kimataifa cha manukato. Katika makundi ya bidhaa ya viwango hivyo, mishumaa imo kwenye kundi la 12. Ziombe karatasi hizo, uzihifadhi pamoja na daftari, na uandike viwango hivyo viwili kando ya alama ya chupa.

Hatua ya 3: Andika kwa gramu

Vikombe, vijiko na "chupa nusu" visionekane kwenye daftari lako. Nta ya vipande ina hewa katikati, na nta iliyoyeyuka hupungua ujazo inapoganda, kwa hiyo kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Uzito haubadiliki.

Ili kujua chombo kitameza nta kiasi gani, kiweke kitupu juu ya mizani, irudishe sifuri, mimina maji hadi pale unapotaka nta ifike, usome. Nta ni nyepesi kuliko maji: glasi inayoshika gramu 200 za maji itahitaji kati ya gramu 170 na 180 za nta. Andika namba hiyo kwenye ukurasa wa vyombo. Hutahitaji kupima tena. Kisha kausha chombo kabisa, kwa sababu hata matone machache ya maji hufanya utambi utoe cheche.

Sasa asilimia ya harufu, mahali ambapo watu wengi hupishana. Kuna njia mbili za kuhesabu, na zote hutumika. Ya kwanza ni asilimia ya nta: asilimia 7 ya nta ya gramu 1,000 ni gramu 70. Ya pili ni asilimia ya mchanganyiko mzima: ili harufu iwe asilimia 7 ya yote, nta ile ile ya gramu 1,000 itahitaji gramu 75 na kidogo. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha jinsi mshumaa unavyoungua, hasa ukiwa karibu na kikomo cha harufu ambayo nta yako inaweza kubeba. Chagua njia moja, iandike kwenye jalada la ndani, usiiache. Mimi hutumia asilimia ya nta kwa sababu hesabu yake hufanyika kichwani hata ukiwa umeshika mwiko.

Hatua ya 4: Jaza ukurasa wa mkupuo ukiwa unatengeneza

Mkupuo ni nta yote uliyoyeyusha kwenye sufuria moja na kuimimina kwa pamoja. Kila mkupuo unapata ukurasa wake na namba yake: 001, 002, na kuendelea bila kuruka. Tarehe pekee haitoshi kuwa namba, maana siku nyingine utamimina mara mbili.

Huu ni mfano wa ukurasa uliojazwa vizuri:

Mkupuo 027. Tarehe 14 Juni, saa 4 asubuhi. Chumba nyuzijoto 24, mvua inanyesha, dirisha limefungwa.
Nta: N4, gramu 1,000. Harufu: H2, gramu 70 (asilimia 7 ya nta). Rangi: hakuna.
Utambi: U3, mmoja kwa kila glasi. Chombo: V2, kipenyo cha ndani sm 7, kilipashwa moto kidogo.
Nta ilifika nyuzijoto 80. Harufu ilitiwa kwenye 75, ikakorogwa dakika 2. Kumimina kulianza kwenye 58.
Imetoka mishumaa 6 ya gramu 175, jumla 1,050. Imebaki sufuriani na kwenye mwiko: gramu 20.
Niliyoyaona: glasi mbili za mwisho zilimiminwa nta ikiwa 54.

Mstari wa mwisho una thamani kuliko unavyodhani. Mikupuo mingi haina joto moja la kumimina. Nta inapoa wakati ukijaza glasi ya kwanza hadi ya sita. Ukiweka alama chini ya glasi, 027-1 hadi 027-6 kwa mpangilio ulivyozijaza, basi kasoro ikitokea kwenye za mwisho tu unajua pa kuangalia.

Andika hali ya chumba hata kama unaona haina maana. Nta ya soya ikipoa haraka au kwa joto linalopanda na kushuka hutoa utando mweupe kama ukungu pembeni; mafuta yake yanajipanga upya katika fuwele za umbo jingine. Nta ya parafini hunywea inapopoa na kuacha shimo kando ya utambi, kwa hiyo huhitaji kujaziwa mara ya pili: andika saa ya kujazia, joto na gramu zilizoongezwa. Nta ya nyuki ikizidi nyuzijoto 85 huanza kuwa na rangi ya kahawia, na kosa hilo halirudi nyuma.

Suala la usalama liwe na mstari wake kwenye ukurasa. Yeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, wala usiiweke moja kwa moja juu ya moto, na usiondoke inapoyeyuka. Weka mfuniko karibu. Nta ikishika moto, zima jiko na uifunike. Maji hayamwagwi kamwe juu ya nta inayowaka, kwa sababu hugeuka mvuke papo hapo na kurusha moto pande zote. Joto la juu kabisa lililofikiwa liandikwe kila mara, hata ulipokuwa ukilenga chini ya hapo.

Hatua ya 5: Andika siku za kupumzika

Andika saa ulipoukuta mshumaa umeganda, sura ya juu yake (laini, imebonyea, ina nyufa), na kama nta imeachana na ukuta wa glasi. Halafu andika tarehe ya mapema kabisa ya kuuwasha. Parafini huhitaji siku chache tu. Soya yenye harufu huwa bora ikiachwa wiki moja hadi mbili. Kama harufu yako ina vanilini, kemikali inayonukia vanila, rudi baada ya mwezi uandike rangi, kwa kuwa nta nyeupe huanza kuwa ya manjano.

Hatua ya 6: Jaribio la kuwasha

Hapa ndipo daftari linapolipa. Kutoka kila mkupuo wa aina mpya, toa mshumaa mmoja wa kuungua mpaka mwisho. Inauma kuuteketeza mshumaa mzima, lakini hakuna njia nyingine ya kujua unachowapa watu.

Upime mshumaa pamoja na glasi yake. Kata utambi ubaki milimita 5 au 6. Uwashe mahali pasipo na upepo, juu ya sahani isiyoungua, ukiwa unauona muda wote. Acha saa 4, zima, ngoja ugande kabisa, pima tena. Kata utambi, anza mzunguko wa pili. Kila mzunguko una mstari wake: uzito wa mwanzo, uzito wa mwisho, saa, upana wa dimbwi la nta iliyoyeyuka, kina chake, hali ya mwali, masizi, harufu, na joto la glasi kwa mkono.

Chukulia mshumaa 027-3. Ulianza na gramu 392 pamoja na glasi, ukabaki 374 baada ya saa 4. Zimeungua gramu 18, yaani gramu 4.5 kwa saa. Nta yote ni gramu 175, kwa hiyo ungeweza kuandika kwenye lebo kwamba utawaka saa 38. Usifanye hivyo. Mshumaa wa glasi huzimwa nta ikibaki sentimita moja hivi, ili moto usiifikie sakafu ya glasi na kuipasua. Kwa kipenyo cha sm 7, sentimita hiyo moja ni karibu gramu 35. Zinabaki 140 za kuungua, nazo ni saa 31. Hiyo ndiyo namba ya haki, tena bado uilinganishe na mizunguko iliyofuata, kwa sababu kasi ya kuungua hubadilika kadiri mwali unavyoshuka ndani ya glasi.

Kuhusu dimbwi: kanuni inayotumiwa na wengi ni saa moja kwa kila sm 2.5 za kipenyo. Kwa glasi ya sm 7, nta inapaswa kuwa imekaribia ukingo baada ya saa 3 hivi. Kama saa 4 zimepita na pembeni bado pana ukuta mnene wa nta ngumu, utambi ni mdogo. Mshumaa utajichimbia shimo katikati na utambi kuzama. Kama dimbwi limefika ukingoni ndani ya saa moja, kina kinapita milimita 12, mwali unachezacheza na glasi haishikiki, utambi ni mkubwa. Lakini usihukumu kwa mzunguko wa kwanza peke yake. Ukuta mwembamba wa nta uliobaki juu mara nyingi huyeyuka mshumaa ukifika nusu, kwa kuwa glasi hushika joto zaidi chini. Ndiyo sababu ya kuandika mizunguko yote.

Angalia ncha ya utambi kabla ya kuzima. Utambi wa pamba uliosokotwa vizuri hujikunja ukiungua. Ncha yake inatoka hadi pembeni mwa mwali, penye hewa ya kutosha, inateketea yenyewe. Ukiona kinundu cheusi juu yake, nta inapanda haraka kuliko moto unavyoweza kuimaliza. Huenda utambi ni mkubwa, huenda harufu imezidi. Pima ukubwa wa kinundu kwa macho, uandike saa kilipotokea.

Harufu ni ngumu kuandika kwa namba, ila inawezekana. Tumia alama 1 hadi 5, na umwombe mtu ambaye hakuwepo wakati unatengeneza aingie chumbani baada ya saa mbili na kutoa alama yake. Pua yako imeshazoea harufu hiyo tangu asubuhi. Haifai kuwa hakimu.

Hatua ya 7: Badili kitu kimoja, rejelea ukurasa

Mkupuo 027 ukiacha ukuta wa nta, mkupuo unaofuata wa aina hiyo ubadilishe utambi tu. Nta ile ile, harufu ile ile, glasi ile ile, joto lile lile. Juu ya ukurasa mpya andika: "Kama 027, utambi umepandishwa namba moja." Ukibadilisha utambi na asilimia ya harufu kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimeleta nafuu, na jaribio zima la kuwasha litakuwa limeungua bure.

Mkupuo ukipita majaribio, chora mstari mwekundu pembeni mwa ukurasa wake na unakili vipimo kwenye ukurasa wa fomula zilizothibitishwa. Zile zilizoshindwa ziache pale pale. Ukurasa wa mshumaa mbaya unakuzuia kuununua utambi ule ule mwaka kesho.

Hatua ya 8: Gharama

Bei ya mfuko gawanya kwa gramu zake, upate bei ya gramu moja. Zidisha kwa gramu ulizotumia. Fanya hivyo kwa nta, harufu na rangi, kisha jumlisha bei ya glasi, tambi na lebo. Watu wengi huishia hapo, na hesabu hudanganya. Kati ya mishumaa 6 ya mkupuo 027, mmoja umeungua kwenye jaribio, kwa hiyo gharama ya sita inabebwa na mitano. Gramu 20 zilizobaki sufuriani nazo ulizinunua. Gesi pia: upime mtungi mwanzo na mwisho wa mwezi, ugawanye gharama ya gesi uliyotumia kutengenezea mishumaa kwa kilo za nta ulizoyeyusha. Muda wako andika kwa dakika, hata kama bado hujaamua kuulipa.

Hatua ya 9: Stoo, lebo na mahali mshumaa ulipokwenda

Mwisho wa mwezi, kwa kila alama ya malighafi, chukua ulichoanza nacho, ongeza ulichonunua, toa ulichoandika kuwa umetumia. Kisha pima kilichopo. Tofauti ya gramu chache ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, kuna mkupuo haukuandikwa au mizani inakosea. Rudi hatua ya 1. Malighafi iliyoingia kwanza itumike kwanza.

Namba ya mkupuo iandikwe chini ya kila mshumaa pamoja na maonyo: usiuache ukiwaka bila mtu, uweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mbali na watoto na wanyama, kata utambi kabla ya kuwasha. Ukiuza au kugawa, andika kwenye ukurasa wa mkupuo nani amepata ipi na lini. Mtu akikurudishia glasi iliyopasuka, unasoma 027-5, unafungua ukurasa, unaona kasha la glasi lilikuwa V2, na ndani ya dakika chache unajua mishumaa mingine yenye glasi za kasha hilo iko kwa nani, ili uwaambie wasiiwashe.

Mwisho wa kila juma piga picha kurasa mpya na uzihifadhi nje ya chumba cha kazi. Daftari linalokaa kando ya jiko na nta ya moto lisiwe nakala yako pekee.